Mwenye Moto kwenye Mkutano wa Majani

Katika karatasi za serikali hakuwa na jina. Kila mwaka ripoti ya Mkutano wa Majani, ambayo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ilimalizika kwa mstari uleule: "Mzee mmoja alisema nyasi zichomwe mapema. Hakukubaliwa." Ni huyo mzee mmoja ninayetaka kusimulia habari zake. Jina lake nalijua, na jamaa zake wapo hadi leo, lakini alizoea kuitwa kwa kazi yake, nami sitambadilishia sasa. Tulimwita Mwenye Moto.

Ukitoka Kasongo kwenda Kabambare, msitu unafika mahali unachoka, na mbele yako zinafunguka mbuga za nyasi zinazoshuka taratibu hadi mto Luama. Zamani zile kila mbuga ilikuwa na mtu wake mmoja. Hakuwa mwenye ardhi, wala hakuwa chifu. Alikuwa na haki moja tu, ya kuwasha moto wa kwanza wa kiangazi, na haki hiyo ilikuja na kazi mbili. Siku moja kabla ya kuwasha ilimpasa azunguke mpaka wote wa mbuga kwa miguu yake. Na moto ukienda vibaya, ilimpasa asimame mbele ya watu kabla jua halijatua, aseme kwamba moto ule ni wake. Nyumba ikiungua, watu walijenga nyingine. Lakini moto ambao hakuna aliyeukubali uliweza kuwafanya watu wa vijiji viwili wasisalimiane miaka mingi.

Mkutano wenyewe uliitishwa na Wabelgiji kila mwaka, mwezi wa tano, mvua zikiisha, kwenye baraza ya ofisi ya Kabambare. Jina lake la Kifaransa lilikuwa refu, lilitaja udongo na malisho na kuhifadhi. Sisi tuliuita Mkutano wa Majani. Walikuja machifu, makapita, yaani wasimamizi, wa pamba, wawindaji, na watu wa kuchunga ng'ombe. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni upande wa Kasongo. Misheni ilikuwa na ng'ombe wachache wa maziwa, na Padri Mkubwa alitaka mtu wa kusema neno kwa ajili ya malisho yao. Nilikwenda juu ya lori la pamba, nikirudi nimekuwa mweupe kwa vumbi. Kwa kuwa nilijua Kifaransa na mwandiko wangu ulikuwa safi, Bwana Agronomu, Mzungu wa kilimo aliyeongoza mkutano, alinipa kazi ya kuandika.

Jambo lililomleta Mwenye Moto kila mwaka lilikuwa moja. Serikali ilikataza kuchoma nyasi, kuchoma kokote, na aliyeshikwa alitiwa buloko, yaani gerezani. Bwana Agronomu aliamini kwamba moto unaua udongo. Mwenye Moto hakubishana naye juu ya moto wa mwezi wa nane, ambao hukuta kila kitu kikavu, ukaruka vijito na kula miti ya mabonde hadi mizizi. Alisema tu kwamba dawa ya moto ule ni moto mdogo wa mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa nusu mbichi. Huo hutembea polepole kama mtu mwenye mzigo kichwani, hula makapi ya chini, na ukifika kwenye unyevu unalala wenyewe. Alitaka ruhusa ya moto huo iandikwe. Bila kuandikwa, kila mwaka ilimbidi achague kati ya mbuga yake na buloko.

Mwaka wangu wa kwanza alisema hayo yote, akajibiwa kwa maneno matatu, akakaa. Mkutano ulipokwisha alinijia mezani.

"Mwalimu, umeandika nini juu yangu?"

"Sijaandika kitu, Muzee. Bwana Agronomu amesema niandike yaliyokubaliwa tu."

"Mimi nimetembea siku mbili na hii miguu."

"Najua, Muzee."

"Siku mbili kuja, siku mbili kurudi. Basi andika kama nimekataliwa. Mutu wa kukataliwa, naye alikuwa hapa."

Nilimwomba Bwana Agronomu. Alicheka, akaniruhusu mstari mmoja. Tangu hapo kila mwaka, kabla wino haujakauka, Mwenye Moto alisimama nyuma yangu nimsomee. Nilimsomea, naye aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesifiwa. "Muzuri," alisema. "Soma tena pale pa hakukubaliwa."

Alikuwa mtu mfupi, mweusi sana, mwenye koti la kaki la askari ambalo alilifunga vifungo vyote hata jua likiwa utosini. Lile koti lilimfanya awe na majivuno kidogo. Kabla ya kuingia barazani alilikung'uta mara mbili, na mtu akimgusa bega kwa kumsalimu, alilikung'uta tena. Sukari ilikuwa udhaifu wake mwingine. Katika duka la Kabambare alinunua sukari kidogo kwenye karatasi, na aliila njiani kwa ncha ya kidole, punje kwa punje, hata akifika nyumbani kwao, upande wa Wamaza, mke wake akifungua ile karatasi alikuta mikunjo tu.

Huyo mama alikuwa na ulimi. Nilipowatembelea mara ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, umewahi kuona mwenye moto mwenye kuogopa taa?" Nikadhani ni mzaha. Lakini ilikuwa kweli. Ndani ya nyumba hakutaka moto wa aina yoyote. Jiko lilikuwa nje, mbali, na upepo ukibadilika alilihamisha. Taa ya mafuta aliizima yeye mwenyewe, kisha akarudi kuitazama kama imezimika. Katika baridi ya kiangazi, wenzake walipolala karibu na makaa, yeye alijifunika blanketi mbili na kutetemeka.

"Moto wa mbuga unajua unakotaka kwenda," alinieleza. "Ule wa ndani ya nyumba hauna pa kwenda. Huo ndio wa kuogopa."

"Anasema hivyo," mke wake alijibu kutoka jikoni, "kwa sababu si yeye anayepika."

Kwa nyasi alikuwa mvumilivu, kwa watu hata kidogo. Nimemwona akichuchumaa mahali pamoja kwa muda wa mtu kusali rozari nzima, akivunja majani karibu na sikio lake, moja la mlimani, moja la katikati, moja la bondeni, akisikiliza yanavyokatika. La mlimani likilia na la bondeni likikunjika kimya, siku imekaribia. Yote yakilia, umechelewa. Lakini chifu akirefusha salamu, yeye alianza kuondoka huku bado anasalimiwa. Nilimwonya mara moja kwamba anawaudhi wakubwa. Alisema, "Wao watakuwa hapa hata kesho. Hii umande haitakuwa hapa saa tatu."

Kila mwaka alileta mkutanoni mafungu matatu ya nyasi, akayalaza chini mbele ya meza ili Bwana Agronomu asikilize mwenyewe. Bwana Agronomu aliyaruka kwa viatu vyake, si kwa dharau, naamini, bali kwa kuwa alikuwa anatazama ramani. Mwaka mmoja askari mwenye kufagia aliyaokota akayatupa nje kama taka. Nikamtazama Mwenye Moto nikidhani atakasirika.

"Mwache," aliniambia taratibu. "Kwa miaka yote hii, huyu ndiye wa kwanza kuyashika."

Alikuwa Mwislamu, mimi Mkristo, na jambo hilo halikutusumbua. Huko kwetu wengi walikuwa hivyo, mjomba anakwenda msikitini na mpwa anaimba misa. Aliposali alasiri nyuma ya baraza, mimi nilimshikia koti lisiguse chini. Siku moja tukiwa tumekaa kusubiri lori aliniuliza habari za Musa na kile kichaka kilichowaka bila kuungua. Alikijua kutoka kwa mwalimu wake wa Kurani, alitaka kusikia ninavyokijua mimi. Nilimsimulia jinsi Musa alivyogeuka kutazama, na jinsi alivyoambiwa avue viatu.

"Na ule moto," aliuliza, "kuna aliyeukubali?"

"Mungu aliita kutoka ndani ya moto, Muzee. Alijitaja ni nani."

"Basi alifanya sawasawa," akasema. Nimefundisha katekisimu miaka mingi na nimesikia mahubiri mengi juu ya kichaka kile. Sijasikia lililonikaa moyoni kama hilo.

Jambo lingine nalikumbuka kwa shukrani. Ndani ya mbuga yake alikuwa na kipande cha nyasi ndefu, nzuri za kuezekea, ambacho alikiita cha wajane. Kila mwaka aliochoma, alianza pembeni yake pande zote, kwa kamba nyembamba ya moto, ili moto mkubwa ukija usipate njia. Wanawake wasio na mume wala mwana wa kuwakatia nyasi mbali walikata pale. Hakuna aliyemwagiza. Nilipomsifu alibadilisha maneno, akaniuliza kama lori la pamba hubeba sukari pia.

Kisha ikaja miaka mitatu aliyotii amri. Hakuchoma. Nyasi ziliota juu ya nyasi za mwaka uliopita, zikalala, zikaota tena, hata mtu akipita chini yake hakuonekana. Mwaka wa tatu, mwezi wa nane, moto ulitoka kusikojulikana, labda kwa warina asali. Uliingia mbuga jioni moja na ulikuwa bado unawaka siku ya tatu. Miti ya vijito viwili iliteketea. Simbiliki, wale panya wakubwa wa matete ambao watu walitegemea kuwala kiangazi, waliokotwa wameungua kwa vikapu, kisha hawakuonekana tena kwa misimu miwili. Kipande cha wajane kiliteketea chote, na mvua zilipoanza kulikuwa na nyumba zilizofunikwa kwa majani ya migomba.

Mwezi wa tano uliofuata aliuliza tena mkutanoni. Bwana Agronomu alijibu kwamba moto ule ulionyesha wazi ubaya wa moto. Niliandika mstari wangu. Mwenye Moto alinisikiliza nikiusoma, lakini safari hiyo hakuniomba niurudie. Alisema tu, "Mwaka huu mimi nitachoma," akafunga kifungo cha juu cha koti, akaondoka.

Alichoma. Na hapa lazima niseme kosa lake kama yeye mwenyewe alivyolisema, maana mtu huyu hakupenda kupambwa.

Wakati ule mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba. Siku ya kuzunguka mpaka ilipofika, alizunguka nusu. Ile nusu nyingine, ya upande wa kijito, alisema anaijua, moto wake ulilala pale kila mwaka tangu alipokabidhiwa mbuga. Hakujua kwamba katika miaka ile mitatu isiyo na moto kapita wa pamba aliwapa watu mashamba ukingoni mwa kijito kilekile, kwa kuwa kulima nyasi ni rahisi kuliko kukata msitu. Pamba ilikuwa imepasuka, nyeupe, ikingoja kuchumwa. Moto ulishuka polepole kama kawaida yake, haukukuta unyevu, ukakuta pamba. Mashamba matatu yaliungua kabla watu hawajafika na matawi.

Jioni ile alisimama katikati ya kijiji akasema moto ni wake, na kwamba hakutembea. Wenye mashamba walilia, kisha wakamkubali, kama desturi ilivyotaka. Halafu kijiji kizima kikapatana jambo moja: Bulamatari, yaani serikali, asiambiwe. Walimpenda. Kila Bwana Agronomu alipotuma mtu kuuliza, aliambiwa moto ulitoka mbali.

Mkutano wa mwaka uliofuata Bwana Agronomu alikuja amekasirika. Alisema hafungui ramani wala hasomi karatasi mpaka ajue nani alichoma pamba. Mwishowe mkubwa wa kijiji, mtu mwema kabisa, alisimama, akasema kwa sauti ndogo:

"Bwana, ni watu wa Lusangi. Walikuwa wanapita njia."

"Watu wa Lusangi wangapi? Wanaitwa nani?"

"Wapita njia, Bwana. Hatukuwajua."

Mwakilishi wa Lusangi, majirani zao, aliruka kutoka kwenye benchi. "Sisi? Sisi tunatafuta nini kwenye majani yenu?"

"Kaa chini," alisema Bwana Agronomu. "Lusangi itatoa watu wa kutengeneza barabara kiangazi chote. Andika."

Niliandika. Mimi, niliyefundisha watoto amri kumi kila Jumatatu asubuhi, ambaye nilijua ukweli kwa kuwa Mwenye Moto alikwisha kuniambia nyumbani kwake, nilichovya kalamu nikaandika: watu wa Lusangi, wapita njia. Nilijiambia ninaandika tu yanayosemwa. Nimeliungama hilo tangu zamani, na bado nalitaja.

Mwenye Moto alisimama. Alikung'uta koti.

"Watu wa Lusangi hawana moto pale," alisema. "Ule moto ni wa kwangu. Niliuwasha mimi, na upande wa kijito sikutembea. Mguu uliuma, nikasema najua. Sikujua."

Mkubwa wa kijiji alifunika uso. Mtu wa nyuma akanong'ona, "Huyu muzee anatuua sisi wote." Bwana Agronomu alimtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Futa," akasema.

Nilipiga mstari juu ya watu wa Lusangi, nikaandika chini yake neno la mzee. Mkono wangu haukuwa safi siku ile. Askari alimchukua kutoka pale pale barazani. Kuhusu ruhusa ya moto wa mapema, Bwana Agronomu alisema kwamba sasa hakuna haja ya kuizungumzia tena, na watu wote barazani, hata waliompenda, waliona amelizika jambo lake kwa mikono yake mwenyewe.

Nilimtembelea buloko. Wafungwa wa Kabambare walikuwa na kazi ya kufyeka majani kuzunguka ofisi na nyumba za Wazungu. Nilimkuta na panga, kichwa wazi, bila koti.

"Mwalimu," alisema, "hawa wanakata kila siku, na kila siku yanaota. Miaka yote hii. Hawajauliza hata mara moja kwa nini."

"Unaumwa na mguu, Muzee?"

"Mguu umepona. Ulingoja nifungwe ndipo upone." Akacheka, kisha akaacha. "Wale wenye pamba. Umewaona?"

Nilimwambia wamelima tena.

"Mahali palepale?"

"Palepale."

"Basi nikitoka nitakwenda kupalilia."

Alitoka, akaenda kupalilia. Msimu mzima, mzee yule, siku moja kwa kila shamba, kwa zamu. Mke wake alilalamika kwamba shamba lao la muhogo limekuwa pori. Yeye alimjibu, "Hilo halikuungua."

Miaka miwili baadaye Bwana Agronomu alirudi kwao Ulaya, akaja mwingine, kijana mwenye masikio makubwa na Kiswahili kibovu ambacho hakuona haya kukisema. Katika mkutano wake wa kwanza alisoma ripoti zote za nyuma kwa sauti, mwaka kwa mwaka. Alipofika mara ya nne kwenye mstari wangu, watu walianza kucheka. Mara ya tano alicheka naye.

"Huyu mzee mmoja," aliuliza, "eko wapi?"

"Eko hapa," alijibu Mwenye Moto, bila kusimama.

Yule kijana alisoma pia habari ya pamba na ya Lusangi, akarudia kuisoma kimya. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia. Alisema wakubwa wake hawakatai kabisa moto wa mapema, ila wanaogopa kwa kuwa moto ukiharibika kamwe hapatikani wa kuujibu. "Lakini hapa naona mtu amejibu, na hakuna aliyemlazimisha." Akauliza machifu kama katika mbuga nyingine wapo watu wa namna hiyo. Machifu walianza kutaja, kila mmoja akidai wa kwake ndiye hodari. Kabla ya saa sita ilikuwa imekubaliwa: moto wa kwanza ungeruhusiwa, katika tarehe zilizotajwa, kwa mtu mmoja anayejulikana kwa kila mbuga. Nilikuwa nimekwisha kuandika nusu.

Mwenye Moto alisimama. "Na kutembea," alisema.

"Kutembea gani?"

"Kuzunguka mpaka, siku moja mbele. Kama hajatembea, asiwashe. Iandikwe."

Kijana yule alikuna sikio. Alieleza kwa subira kwamba karatasi lazima iende kwa wakubwa wake, nao wanapenda maneno machache. Tarehe inatosha. Mengine ni ya desturi, na desturi watu wanaijua.

"Mimi niliijua," alisema Mwenye Moto. "Na pamba ya watu iliungua."

"Muzee, wakiona mambo mengi watakataa yote. Chukua hii kwanza."

"Basi andika kama kila mwaka. Mzee mmoja alisema. Hakukubaliwa."

Nilimtazama. Nilijua siku mbili za njia, mara ngapi sijui. Nilijua buloko. Neno alilolitafuta lilikuwa mbele yangu mezani, wino mbichi, naye alikuwa analirudisha. Chifu wake alimvuta koti kwa nyuma. "Keti, wewe. Wamekupa." Hakukung'uta koti, safari hiyo. Alibaki amesimama.

Bwana kijana alichukua kalamu mkononi mwangu. Aliandika mwenyewe, kwa Kifaransa, maneno yasiyozidi kumi: baada ya mwenye kuhusika kuzunguka mpaka kwa miguu. Akanirudishia kalamu. "Soma kwa yeye," alisema.

Nilisoma kwa Kiswahili. Mwenye Moto hakuitikia kwa kichwa. Alikaa, akaangalia magoti yake, na jirani yake akampa kitambaa.

Karatasi ilikwenda kwa wakubwa, ikarudi imekubaliwa. Miaka ile iliyofuata mbuga za Luama zilipendeza. Namshukuru Mungu aliyenijalia kuziona zikiwa zimechomwa vipande vipande, cheusi hapa, kijani kichanga pale, na nyasi ndefu za wajane zikisimama katikati. Ng'ombe wa misheni hawakufaidika kwa lolote, walikuwa mbali, na Padri Mkubwa aliniuliza kwa upole ni kwa nini basi ninakwenda Kabambare kila mwaka. Nilimjibu kwamba nasaidia kuandika.

Mara ya mwisho nilimwona karibu na mwisho wa utawala wa Wabelgiji. Hakuja mkutanoni. Mkutano ulipokwisha nilikodi baiskeli, nikaenda kwake. Miguu yote miwili ilikuwa imemwisha nguvu. Nilimkuta ameketi mkekani mbele ya nyumba, koti limefungwa vifungo vyote, na nikampa sukari ya Kabambare. Mke wake aliniambia, "Mpe mkononi, Mwalimu, mimi nishazoea karatasi."

Aliniuliza nani alisema nini mkutanoni. Nikamweleza kwamba watu wawili wa mbuga za juu walibishana juu ya tarehe hata Bwana Agronomu akatoka nje kuvuta sigara. Alifurahi sana, akataka kila neno.

"Na wewe, Muzee, mwaka huu?"

"Asiyetembea hawashi. Si mliandika?"

Mbuga alikuwa amemkabidhi mpwa wake, mwana wa dada yake, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, ambaye mzee kwa miaka mingi alimwona kuwa ni mwingi wa maneno. Siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kuzunguka mpaka. Tulimngoja. Mwenye Moto alijifanya kunisikiliza, lakini kila mbwa alipobweka aligeuza shingo. Jua lilikuwa limeshuka mpwa alipofika, amejaa mbegu za nyasi kwenye suruali, midomo imekauka. Alikunywa maji kwanza. Mjomba wake alimwacha anywe.

"Umezunguka yote?"

"Yote, Mjomba."

"Na kijitoni?"

"Kijitoni hakuna kitu. Ile pamba wamechuma. Lakini huku juu, nyuma ya kichuguu kikubwa, kuna mama amelima muhogo. Mupya. Sikumjua, ni mugeni, amekuja kwa binti yake."

Mwenye Moto alikunja uso. Nyuma ya kichuguu hapakuwahi kulimwa maisha yake yote. Niliona wazi kwamba yeye, hata angekuwa na miguu, huenda asingepanda huko kutazama.

"Ulisema naye?"

"Nilisema naye. Nimemwambia kesho nitakuja na wanangu tumsafishie ukingo. Kwa hiyo kesho siwashi."

"Tarehe za Bwana zinakwisha kesho."

"Ziishe," alisema mpwa. "Nitaenda Kabambare kumwambia."

Mzee akajivuta kwa mikono yake miwili, pole pole, mpaka pembeni kabisa mwa mkeka, na mpwa wake akakaa pale alipokuwa ameketi.

Asubuhi nikiaga, nilimuuliza watachoma siku gani, nipate kumweleza Bwana Agronomu nikipita.

"Mimi sijui, Mwalimu," alisema, akilamba kidole. "Mwenye Moto ni yule pale. Muulize."